Wasiposikia, amani yako inakwenda wapi?

Katika kazi yangu ya ushauri wa kichungaji hapa Mombasa, malalamiko ninayoyasikia sana ni haya: nimesema, nimefunga, nimekesha, na bado hanisikii. Mara nyingi anayelalamika ni mama mwenye kijana anayekula muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa.

Chukua mama mmoja wa Mikindani (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike). Alfajiri anamtumia mwanawe mistari ya Biblia kwa WhatsApp. Tiki zinageuka bluu, jibu hakuna. Jioni kijana akiingia, shavu limejaa, mahubiri yanaanzia mlangoni hata viatu hajavua. Mama analala presha iko juu. Kaunti nzima ilipiga marufuku muguka Mei 2024 na mambo yakafika kortini. Yeye atauweza kwa meseji?

Nilimuuliza anataka nini. Amani, akasema. Tukazungumza, tukazungumza, ikaonekana anachokitaka ni kijana aje akiri, "Mama, ulisema kweli." Huo ni ushindi. Ni halali kuutamani, lakini ufunguo wake anao kijana, na mama ameufungia usingizi wake humo humo.

Paulo anasema katika Warumi 12:18, "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Wengi wetu tunakimbilia hiyo "watu wote" tukaruka "kwa upande wenu". Upande wa pili si wako kuubeba. Yesu naye, akiwatuma wanafunzi katika Mathayo 10, aliwaambia kwamba nyumba isipostahili, amani yao iwarudie wenyewe. Haibaki kizingitini kwa aliyeikataa.

Tena aliyajua ya nyumbani. Jamaa zake walitoka kwenda kumkamata wakisema amerukwa na akili (Marko 3:21), na Yohana 7:5 inasema nduguze hawakumwamini. Hakuacha kazi ili abishane nao. Katika Matendo 1:14 ndugu hao hao tunawakuta wakisali pamoja na wanafunzi.

Monika, mama yake Augustino aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alimsihi askofu mmoja azungumze na mwanawe. Askofu akakataa, akasema kijana bado hafundishiki. Amwache, amwombee tu. Augustino alibatizwa Milano mwaka 387, mtu mzima wa miaka thelathini na ushee. Nampenda sana askofu yule, maana siku hizi mama kama huyo angeambiwa imani yake ni ndogo.

Kwa hiyo yule mama nilimpa kazi ngumu: mistari ya alfajiri aisome mwenyewe. Jioni ampakulie kijana wali na samaki, amuulize habari za kazi, basi. Neno la muguka liwe na siku yake, wamekaa, tena kwa ufupi. 1 Petro 3:1 inaongea na wake juu ya waume wasioamini, wavutwe kwa mwenendo "pasipo lile Neno", lakini naona linamfaa mzazi pia.

Haya yote si ya nyumba yenye kipigo. Anayepigwa asiambiwe avumilie kwa jina la Yesu. Aende dawati la jinsia kituo cha polisi, au apige simu ya msaada 1195, ni bure. Tutaomba naye akishakuwa mahali salama.