Bibi zetu gani waliovaa buibui "tangu na tangu"?

Hapa dukani Mji wa Kale haipiti wiki bila mama mmoja kupapasa kitambaa cheusi na kumwambia bintiye: "Hili ndilo vazi la bibi zetu tangu na tangu." Binti mwenyewe kakodolea jora la kijani. Nimechoka.

Bibi zetu gani? Karne ya 19 mwanamke wa nyumba kubwa Mombasa alitoka chini ya shiraa, kitambaa kipana mfano wa hema, kikiinuliwa na watumwa waliofuatana naye. Mtumwa hakuwa na haki ya kujifunika kama mwanamke aliyemmiliki. Sitara ilikuwa cheo. Utumwa ulipofutwa pwani ya Kenya mwaka 1907, wa kuinua shiraa angetoka wapi? Buibui, ambalo mtu hujivika mwenyewe, likashika nafasi, na waliolivaa ni pamoja na wale wale walionyimwa kujisitiri. Kwao nguo ile ilisema: na mimi ni mwungwana, si mtumwa. Hadithi hiyo mabinti hawaambiwi, wanaambiwa "tangu na tangu"!

Tena buibui lenyewe lilikuwa la kamba, la kufungwa kichwani na kukusanywa kwa mkono. Hili la mikono na vifungo ni abaya, mtindo wa Ghuba. Anayetaka la bibi yake nitamshonea, kisha tuone atapandaje tuktuk nalo.

Na mengine ninayoyasikia hapa dukani: "Lazima liwe jeusi." Suratun Nur aya ya 31 na Al-Ahzab aya ya 59 zinataja kujistiri, rangi hazitaji. Mkatie mtoto kijani chake.

"Aliyejitanda leso, yaani kanga, ni Muislamu." Nenda soko la Kongowea alfajiri uwaulize akina mama dini zao.

"Jeusi linapika mtu." Mwaka 1980 watafiti walichapisha vipimo vya majoho ya Mabedui jangwani: jeusi hunyonya joto zaidi kuliko jeupe, ila joto la ziada hupotea kabla ya kufika mwilini, kwa kuwa joho ni pana na hewa inapita. Lakini wateja wangu wanataka poliesta, ibane kiuno, ibane kwapa, waende nayo harusini mwezi wa Februari na unyevu wetu huu, halafu lawama kwa rangi. Mimi kwapani huacha inchi mbili za ziada. Ukitaka nizipunguze, usinirudie na jasho lako.