Jeep inaporukaruka: dhana potofu na ukweli kuhusu amotisere za magari ya mtumba mjini Goma

Mtu anayenunua gari la mtumba mjini Goma, hasa yale makubwa tunayoyaita jeep hata kama yametengenezwa na Toyota au Nissan, huoneshwa karibu kila mara jaribio lile lile: muuzaji anaikandamiza boneti kwa mikono miwili, anaiachia, gari linapanda na kutulia, naye anatangaza kwamba amotisere, yaani vifaa vinavyoutuliza mruko wa gari, ni nzima. Nami niliwahi kuliamini jaribio hilo na kulipa pesa yangu, na wiki iliyofuata, kwenye barabara ya Sake, sehemu ya nyuma ya gari ikawa inapanda na kushuka kama mtumbwi uliopigwa na wimbi la Ziwa Kivu. Tangu siku hiyo nimeingia chini ya magari mengi pamoja na mafundi, nami nimeona kwamba hasara kubwa haitokani na ubovu wa amotisere zenyewe. Inatokana na imani tulizo nazo juu yake, ambazo huwafanya watu wabadilishe kilicho kizima na kukiacha kilicho kibovu.

Kabla ya yote, kazi mbili zitenganishwe. Springi, au resori kama mafundi wetu wanavyosema, ndiyo inayobeba uzito wa gari na kuliruhusu gurudumu lipande juu ya jiwe na kurudi chini. Amotisere haibebi uzito huo. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuchezacheza baada ya jiwe kupita, na inafanya hivyo kwa kuyalazimisha mafuta yaliyo ndani yake yapite katika matundu na valvu nyembamba za pistoni, ili nguvu ya mruko igeuke kuwa joto na kupotelea hewani.

Dhana: Ukiikandamiza boneti na gari likatulia, amotisere ni nzima.

Jaribio la mkono lina ukweli nusu. Gari likiendelea kupanda na kushuka mara mbili au tatu baada ya kuachiwa, amotisere ya kona hiyo imekufa, na hapo hakuna ubishi. Lakini gari likitulia, hujathibitisha lolote. Mkono wa mtu husukuma polepole, na katika mwendo huo wa polepole mafuta hupita kwenye matundu madogo tu. Valvu zinazofunguka gurudumu linapogonga jiwe kwa kasi hazijaguswa kabisa. Isitoshe, bushi, yaani vipande vya mpira vilivyo kwenye maungio, zina msuguano wake, na katika gari kama Land Cruiser ya kazi, yenye springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka, msuguano wa vyuma hivyo pekee unatosha kulituliza gari hata ukizifungua amotisere na kuziweka kando. Kwa hiyo jaribio hilo linaweza kumhukumu mgonjwa aliye mahututi, lakini haliwezi kumpa mtu cheti cha afya.

Barabara zetu zinatoa jaribio bora zaidi. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na mitaa mingi hadi leo imelala juu ya mwamba huo mgumu, ambao haulirushi gari kwa mawimbi marefu ya taratibu bali unaligonga gurudumu mara nyingi, kwa haraka, kwa vipigo vifupi. Hapo ndipo amotisere hufanya kazi kwelikweli na kupata joto. Endesha kilomita kumi au kumi na tano juu ya njia ya namna hiyo, simama mahali salama, kisha usogeze kwanza mgongo wa mkono karibu na kila amotisere kabla ya kuigusa, kwa sababu inaweza kuunguza, na jihadhari na bomba la moshi lililo karibu. Linganisha ya kushoto na ya kulia za ekseli moja. Ikiwa moja ni ya moto na mwenzake amebaki baridi, yule aliye baridi hafanyi kazi: nguvu ya mruko haigeuki kuwa joto ndani yake. Ya mbele na ya nyuma zinaweza kutofautiana bila ubovu wowote, kwa kuwa mizigo yake si sawa. Hivyo ndivyo nilivyoigundua yangu ya nyuma kushoto, ambayo kwa macho ilionekana safi kuliko zote.

Mwombe pia mwenzako akufuate kwa gari au pikipiki na kuyatazama magurudumu yako. Mtu aliye ndani hulisikia bodi tu. Aliye nje huliona gurudumu likirukaruka na kuachana na ardhi ingawa bodi inaonekana kutulia, na gurudumu lisilogusa ardhi haliwezi kufunga breki wala kufuata usukani.

Dhana: Amotisere kavu ni nzima, na yenye mafuta ni mbovu.

Pande zote mbili za dhana hii zinapotosha. Ukungu mwembamba wa mafuta karibu na sili, kizibo kinachozuia mafuta yasitoke pale fimbo inapoingia kwenye silinda, ni wa kawaida, kwa sababu fimbo hutoka na utando mdogo wa mafuta kila inapocheza. Kinachotia shaka ni silinda iliyolowa hadi chini au inayodondosha. Hapa kwetu dalili hiyo huonekana kwa urahisi, kwa kuwa vumbi jeusi la lava hunata kwenye mafuta na kutengeneza koti zito kama la lami. Ndiyo maana gari lililooshwa kwa uangalifu chini, saa chache kabla mnunuzi hajafika, linanitia wasiwasi kuliko gari chafu. Kwa upande wa pili, amotisere inaweza kuwa kavu kabisa na bado imekwisha: valvu zimelegea, pistoni imelika, au, kwa zile zenye gesi ndani, gesi imetoka na mafuta yanafanya povu, na povu hupita kwenye matundu bila kuleta kizuizi chochote. Angalia pia fimbo yenyewe. Ikiwa jiwe limeikwaruza, mkwaruzo huo utaikata sili, na uvujaji ni suala la muda tu.

Dhana: Gari limeinama upande mmoja, kwa hiyo amotisere imeisha.

Gari lililoinama lina tatizo la springi, isipokuwa yale yenye mifuko ya hewa nyuma, kama baadhi ya Prado. Chukua futi ya fundi, simamisha gari mahali tambarare, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ikiwa kubwa, tafuta springi iliyochoka au iliyovunjika. Mara nyingi huvunjika kwenye mzunguko wa mwisho chini, ndani ya kikombe chake, ambako matope huuficha ufa.

Dhana: Jeep iliyotumiwa na mashirika imekazwa vizuri, basi haiwezi kurukaruka.

Goma imekuwa kwa miaka mingi kituo cha mashirika ya misaada, na magari yanayotoka huko hununuliwa kwa hamu kwa sababu yametunzwa. Ni kweli kwamba mengi hutunzwa vizuri. Hata hivyo, baadhi yamefungwa springi nzito kwa ajili ya kubeba mizigo na watu wengi, na springi ya namna hiyo, gari likiwa na dereva peke yake, haikunjiki inavyopaswa bali hulirusha gari juu. Amotisere ya kawaida, hata ikiwa mpya, haina nguvu ya kuizuia irudipo. Mmiliki hubadilisha amotisere mara mbili, mara tatu, bila nafuu, kumbe alipaswa kurudisha springi inayolingana na matumizi yake, au kununua amotisere zinazolingana na springi aliyonayo.

Hapa nataka niseme jambo ambalo halina gharama yoyote, na ambalo linanisikitisha kuona linaachwa: pima hewa ya tairi kwanza. Kibandiko chenye kipimo sahihi hupatikana kwa kawaida kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Wajaza upepo wetu wa barabarani hupenda kujaza hadi tairi lisikike gumu kama ngoma, wakidhani wanalilinda dhidi ya mawe makali. Lakini tairi ni sehemu ya kwanza ya kulipokea jiwe, na likijazwa kupita kiasi hudunda kama mpira. Katika gari langu nilikuta shinikizo la baa 3, ilhali kibandiko kilisema baa 2.2. Nilipoipunguza, sehemu ya mruko iliondoka kabla sijafungua bolti hata moja.

Dhana: Amotisere inaweza kutobolewa, kujazwa mafuta na kuchomelewa, nayo ikawa kama mpya.

Hili ni jambo la hatari, wala si suala la ubora tu. Nyingi zimejazwa gesi ya naitrojeni yenye shinikizo, na kuitoboa, kisha kupeleka moto wa kuchomelea kwenye silinda iliyofungwa yenye mafuta, kunaweza kumuua fundi au kijana anayemshikia taa. Hata ikipona kazi hiyo, mafuta ya injini hayana uzito unaotakiwa, na valvu zilizolika zimebaki vile vile. Vipande vya mpira vinavyochomekwa katikati ya mizunguko ya springi navyo havitibu: huizuia sehemu ya springi isicheze, gari huwa gumu, mruko hujificha kwa muda, na mzigo wote huhamia kwenye mizunguko iliyobaki, ambayo ndiyo itakayovunjika.

Kuhusu amotisere mpya, wanunuzi wengi hukataa ile ambayo ikikandamizwa dukani haijirudishi yenyewe. Inayojirudisha ni ile yenye gesi. Isiyo na gesi hubaki pale ulipoiacha, na si mbovu. Vilevile, iliyolala kwa muda mrefu kwenye katoni inaweza kuwa na hewa mahali pasipotakiwa, na mkono ukahisi sehemu tupu. Ishike wima kama itakavyofungwa, ikandamize na kuivuta mara kadhaa taratibu hadi uzito uwe sawa mwendo wote. Sehemu tupu isipoisha, hapo ndipo irudishwe.

Mengine niyapitie kwa haraka. Kilomita 80,000 zinazotajwa mara kwa mara ni wakati wa kukagua, si tarehe ya kifo, na hesabu ya kilomita kwenye dashibodi ya gari la mtumba inaweza kuwa imerudishwa nyuma. Mlio wa kugonga mara nyingi hutoka kwenye bushi, boljointi au viungo vya baa ya kusawazisha, hata kama amotisere ni nzima. Mtetemo unaokuja kwenye lami laini kwa mwendo fulani tu, kisha ukapotea, uanze kutafutwa kwenye balansi ya magurudumu. Amotisere zibadilishwe mbili kwa pamoja katika ekseli moja, kwa sababu mpya na iliyochoka zikiwekwa pamoja hulivuta gari kila moja kwa namna yake unapofunga breki.

Nilipobadilisha zangu mbili za nyuma, fundi alikuwa tayari kukaza bolti zote gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Nilimwomba azishike kidogo tu, alishushe gari hadi libebe uzito wake, ndipo akaze kabisa. Bushi ya mpira iliyokazwa ikiwa inaning'inia hubaki imejipinda kila gari linaposimama, na huchanika mapema, amotisere ikiwa bado mpya.