Mchango katika mali ya ndoa: maana yake ni nini?

"Nyumba nimejenga kwa mshahara wangu. Yeye alikuwa anapika tu." Ukikaa siku moja tu karibu na baraza la usuluhishi la kata lolote, maneno haya utayasikia. Anayeyasema mara nyingi hadanganyi: mshahara ni wake kweli, na hati ya kiwanja ina jina lake. Anachokosea ni hilo neno "tu".

Kisheria, mchango ni kile ambacho kila mwanandoa amekitoa mpaka mali ikapatikana. Chaweza kuwa fedha, chaweza kuwa mali, chaweza kuwa kazi. Kwa Tanzania Bara, jambo hili limo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114: mahakama inapotoa talaka au amri ya kutengana, ina mamlaka ya kugawa mali ambayo wanandoa wameichuma ndani ya ndoa kwa juhudi zao za pamoja. Hilo la pamoja ndilo lililozua ubishi. Majaji wenyewe walikuwa pande mbili. Wapo walioona kwamba kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke kwa mumewe, hivyo hakuhesabiki. Wengine wakauliza: huyo mume angewezaje kwenda kazini kila siku na kuweka akiba, kama hakuna aliyeshika nyumba?

Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ililimaliza, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ilisema kazi za nyumbani ni mchango. Tangu hapo mama wa nyumbani anaingia mahakamani akiwa mdai kamili, haombi huruma. Kinachosahaulika kila hukumu hii inapotajwa ni kwamba Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu. Mahakama iliona kuwa fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia mradi wa familia alizitapanya, ikazihesabu kuwa ndizo fungu lake. Mimi naona hilo lisifichwe, kwa sababu ndilo linaloonyesha mchango unavyopimwa: kinaangaliwa ulichoongeza, na kinaangaliwa pia ulichopunguza.

Basi ni nusu kwa nusu? Hapa ndipo watu wengi hupotoshwa, na wanaopotosha ni majirani wenye nia njema. Sheria inaitaka mahakama ielekee kwenye usawa, lakini baada ya kuangalia kwanza mchango wa kila mmoja, mila za jamii yao, madeni waliyokopa kwa faida ya wote wawili, na mahitaji ya watoto walio wadogo. Kiasi cha mchango ni suala la ushahidi, na Mahakama ya Rufani imelirudia hilo mara nyingi. Kuna anayepata nusu, kuna anayepata theluthi, kuna anayepata pungufu ya hapo kwa sababu alifika mahakamani akasema "tulichuma wote" kisha akakaa kimya. Kenya nao wamefika hapo hapo. Sheria yao ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataja wazi kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi za shamba kuwa mchango, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikasema ndoa peke yake haimpi mtu nusu.

Mali uliyoikuta mwenzako anayo kabla ya ndoa ni yake. Isipokuwa kama uliiendeleza kwa kiasi kikubwa, peke yako au pamoja naye: alikuwa na kibanda cha vyumba viwili, mkaongeza vinne, mkaezeka upya, mkavuta umeme. Hapo na hiyo inaingia kwenye mgawanyo.

Mama mmoja alinijia na mfuko wa rambo. Ndani mna risiti tatu za saruji zilizofifia, na daftari la kikoba. Nikamwuliza alifanya nini wakati wa ujenzi. "Sikufanya kitu, alijenga baba watoto." Nikamwuliza matofali yalifyatuliwa wapi. Pale pale kiwanjani. Nani alikuwa anayamwagilia maji? Akanyamaza kidogo. "Mimi. Asubuhi na jioni, ndoo kichwani, kisima kiko bondeni. Mtoto mgongoni." Na mafundi walikula wapi? Kwake, miezi miwili, ugali na dagaa. Nani alilala kwenye pagale saruji isiibiwe, mume akiwa safarini? Yeye na wanawe. Jirani aliyemwona akipandisha ndoo yupo hai, na fundi mkuu bado anamsalimia njiani. Hao ni mashahidi, na huo ndio ushahidi wa mchango.

Kifungu hicho cha 114 kinahusu talaka na kutengana. Mume akifariki, habari inahamia kwenye mirathi, na huko zipo sheria nyingine. Pia huwezi kuruka moja kwa moja hadi talaka: kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, nalo likishindwa kuwapatanisha hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, ile watu wanayoiita Fomu Namba 3. Na wakati mambo bado yanazungumzwa, mwenzio hana ruhusa ya kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako, hata kama hati ina jina lake peke yake.

Mama yule nilimwambia aandike yote kwenye daftari lile lile la kikoba: mwaka gani msingi ulichimbwa, nani alikuwepo, maji yalichotwa wapi. Aliandika kurasa nne.