Hapana, hatujazoea

Wiki iliyopita tumemzika shangazi yangu. Pale msibani hata sijakaa mkekani vizuri, mtu akasema "mochwari aende huyu, huyu si kazoea." Nikaenda. Nikamvalisha shangazi, nikarudi nikakuta wenzangu wanalia wanashikwa mabega, mimi nikapewa daftari la michango. Mimi ni nesi, nina miaka 11 kwenye tiba shufaa, yaani kuwatuliza wagonjwa ambao ugonjwa wao hauponi, na hilo neno kuzoea nimelisikia kwenye daladala, harusini, hadi kwa mchungaji, sasa limenifika shingoni.

Nimezoea nini? Nimezoea harufu ya kidonda cha titi, naponda vidonge vya metronidazole namwagia juu, nafunga bandeji huku tunapiga stori za mkwe wake. Nimezoea ile pumzi ya mwisho inayokoroma, ndugu wanadhani mtu anakabwa, kumbe mwenyewe mara nyingi hata haisikii. Mikono ndo imezoea. Kama fundi na nyundo, basi.

Halafu kuna wajuzi wanaosema eti vifo vingi ndo vinatuchosha. Wapi! Mtu akifa maumivu yametulia, kaaga watoto, kasema hela ya kikoba iko kwa nani, mimi usiku huo nalala fofofo. Kinachonitafuna ni mofini, ile dawa kali ya maumivu, kuisha Ijumaa saa kumi jioni. Dozi naijua, kila masaa manne, ya usiku naongeza mara mbili ili alale, na dawa ya kulainisha choo isisahaulike (mnaoisahau mnajijua), yote najua ila chupa hamna. Au chupa ipo ila mimi nesi siruhusiwi kuiandika na daktari hapokei simu. Wenzetu Uganda tangu 2004 manesi waliosomea kazi hii wanaandika mofini wenyewe, nawaonea wivu wa wazi kabisa. Kumwangalia mtu anang'ata shuka wakati dawa yake unaijua kwa jina, hiyo ndo napanda nayo daladala, nakula nayo, naamka nayo saa nane usiku.

Na uongo. Mtoto mkubwa anakuvuta kibarazani, "sista, mzee asijue ni kansa." Unaingia ndani, mzee anakuuliza "mwanangu, nitapona?" na yule mtoto kasimama mlangoni anakukazia macho. Unajibu "Mungu ni mwema, baba." Mzee anakuangalia, anajua, anajua na wewe unajua, halafu anakusamehe. Bora angenitukana.

Bernauti, huko kuishiwa nguvu na moyo kwa sababu ya kazi, niipitie haraka maana kila mtu anaiongelea: WHO kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa, ile ya 2019, wameiandika kama jambo la kazini, siyo ugonjwa. Mimi niliijua siku niliyojisikia nikisema "yule titi wa chumba cha pili." Jina lake sikuwa nalo kichwani.

Vitabu vinasema weka mipaka, usijifunge na mgonjwa. Sijui bwana. Kuna mwaka nilijaribu, sikwenda matanga ya mgonjwa yeyote, nikaishia kugombeza watoto wangu kisa chumvi imezidi kwenye mboga. Mwaka uliofuata nikaenda yote, nikaishiwa nauli na machozi. Kikao chetu cha kila mwezi cha kutoa ya moyoni nakipenda, ila siwezi kuapa kama kinachosaidia ni yale maongezi au ni maandazi na kukaa chini saa nzima simu imezimwa. Na kuna siku, acha niseme tu, nawaza labda hao wanaosema nimezoea wameona kitu mimi sikioni, maana kwa shangazi kweli sikulia na mpaka leo bado.

Jana simu imeita, jina linasoma Bibi Mbagala. Bibi Mbagala alifariki mwezi wa tatu. Mdomo ukatangulia kichwa, nikaitikia "shikamoo bibi." Kimya. Halafu sauti ya mjukuu wake, "sista, ni mimi," anauliza ile chupa ya mofini imebaki nusu, aipeleke wapi. Nikamwambia ailete Jumatatu, na asimgawie jirani.