Maneki-neko: paka wa kaunta na maana ya mkono wake

Mama mmoja wa makamo, aliyeshuka na gari la Tukuyu, alisimama mlangoni mwa duka la vifaa vya simu pale Mwanjelwa, Mbeya, akasita kuingia. Juu ya kaunta palikuwa na paka wa plastiki wa rangi ya dhahabu, mkono mmoja juu, ukipanda na kushuka bila kuchoka. "Mwanangu," akamwuliza kijana wa dukani, "mbona huyo paka ananiita?" Kijana akamjibu kwa heshima: "Hapana mama, hakuiti. Anasema bai bai tu, ni pambo hilo."

Mimi nilikuwa nasubiri kubadilishiwa kioo cha simu, nikayasikia yote. Aliyekuwa sahihi ni mama.

Paka huyo anaitwa maneki-neko. Jina ni la Kijapani: maneki limetoka kwenye kitenzi maneku, yaani kumwita mtu kwa ishara ya mkono, kumkaribisha, neko ni paka. Ni paka anayeita. Huwekwa mlangoni au karibu na droo ya pesa ili awaite wateja na heri waingie ndani.

Kinachowachanganya watu ni ule mkono. Wajapani wakimwita mtu hugeuza kiganja chini, vidole vikapungwa kuelekea chini. Mzungu akiona hivyo anadhani anaagwa, kwa sababu kwao mtu huitwa kwa kiganja kilichotazama juu. Ndiyo maana baadhi ya paka waliotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi za Magharibi wamegeuziwa mkono, mgongo wa kiganja ukamtazama mteja. Sasa fikiria wewe unavyomwita mtoto aliye ng'ambo ya barabara, au unavyoita bajaji pale Kabwe. Kiganja kinatazama chini. Kumwita mtu mzima kwa kidole kilichokunjwa kuelekea juu ni kumdharau, na wazee hawakunyamazii. Katika jambo hili Mbeya na Tokyo zinaelewana bila mkalimani, na yule mama aliisoma ishara sawasawa. Kijana ndiye aliyekuwa ameshazoea bai bai ya kwenye runinga.

Lakini hofu ya mama ilikuwa na sababu yake, na sipendi watu waicheke. Kwetu paka amebebeshwa mambo mengi, hasa paka mweusi wa usiku. Halafu kuna chuma ulete, ile imani kwamba mtu anaweza kukulipa noti ambayo ikiingia kwenye droo inaondoka na wenzake. Mwenye imani hiyo akikuta sanamu ya paka inatikisa mkono juu ya pesa za dukani, lazima ajiulize ni dawa ya nani na inamvuta nani. Jibu ni kwamba maneki-neko hana uhusiano wowote na chuma ulete. Ni hirizi ya wazi ya Kijapani, ya kutakia biashara heri, na hakuna fedha ya mteja inayodhaniwa kuhamishwa. Hata paka mweusi, ambaye hapa angefukuzwa, kule anaaminiwa kuwa kinga dhidi ya mabaya.

Sanamu hizi zilianza kujulikana Edo, mji ambao leo ni Tokyo. Picha moja ya mchoraji Utagawa Hiroshige ya mwaka 1852 inaonyesha kibanda kinachouza paka wa namna hii, kwa hiyo wakati huo walikwisha kuwa bidhaa ya sokoni. Kuhusu chanzo chao zipo hadithi kadhaa. Inayopendwa zaidi ni ya hekalu la Gotokuji, lililoko Setagaya, Tokyo. Lilikuwa hekalu maskini, mtawa wake akigawana chakula kidogo alichonacho na paka wake. Siku moja bwana mkubwa Ii Naotaka, mtawala wa Hikone, alikuwa akipita karibu, akamwona paka langoni anamwita kwa mkono. Akaingia. Mara mvua kubwa ya radi ikashuka huku yeye yumo ndani salama, akizungumza na mtawa. Kwa shukrani akalifadhili hekalu, na likawa hekalu la ukoo wake.

Hadithi nyingine ni ya Imado, huko huko Tokyo upande wa Asakusa. Bibi kizee alilazimika kumwacha paka wake kwa umaskini. Paka akamjia ndotoni akamwambia afinyange sanamu yake kwa udongo. Akafinyanga, akauza, akapata riziki. Hizi ni hadithi za kusimuliwa, lakini zote mbili zina kitu ambacho Mswahili anakijua tangu utotoni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayeingia ndiye anayeleta heri.

Gotokuji leo wageni huacha sanamu nyeupe za paka kwa mamia, zimepangwa rafu kwa rafu. Paka wa pale wameinua mkono wa kulia na hawajashika sarafu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba paka anakuletea nafasi tu. Kuigeuza kuwa mafanikio ni kazi yako. Nimelipenda wazo hilo kuliko yote niliyosoma juu ya paka hawa.

Paka wa madukani kwa kawaida wana sarafu. Ni koban, sarafu ya dhahabu ya umbo la yai iliyotumika zama za Edo. Koban halisi ilikuwa na thamani ya ryo 1, kipimo cha fedha cha zama hizo, lakini ile anayoishika paka mara nyingi imeandikwa ryo milioni 10. Shingoni ana ukanda mwekundu na kengele, kama walivyovishwa paka wa nyumba za watu wenye uwezo. Mkono nao una maana: wengi husema wa kushoto unaita wateja na wa kulia unaita pesa, ingawa utakutana na wanaosema tofauti. Rangi pia. Wa mabaka ya rangi tatu ndiye wa jadi, mweupe ni wa heri kwa jumla, wa dhahabu ni wa mali, na mwekundu alihusishwa na kinga ya maradhi.

Kwa nini paka, si ng'ombe wala kuku? Nadhani mkulima wa Nyanda za Juu Kusini analielewa hili upesi. Mwenye ghala la mahindi Mbozi au Ismani hahitaji kuelezwa kazi ya paka. Japani paka walilinda nafaka, na zaidi walilinda viwavi wa hariri, ambao panya huwala. Mnyama anayelinda mali ya nyumba si ajabu akasimamishwa mlangoni mwa biashara.

Wanaokusanya sanamu hizi hawahangaiki sana na za plastiki. Wanatafuta za udongo wa kuchoma na za karatasi iliyobandikwa tabaka kwa tabaka, zilizopakwa rangi kwa mkono. Mji unaotajwa sana ni Tokoname, mkoa wa Aichi, mji wa wafinyanzi tangu kale, kama ambavyo kwetu ukisema vyungu mtu anawaza Wakisi wa Ikombe na soko la Matema. Huko Tokoname, baada ya Vita ya Pili ya Dunia, ndiko lilikoenea lile umbo la kichwa kikubwa na macho ya mviringo tulilozoea. Paka wengi wa udongo wana tundu mgongoni. Ni vibubu vya kuwekea akiba. Wajapani wamewapa hata siku yao, tarehe 29 Septemba, kwa kuchezea matamshi ya tarakimu 9, 2 na 9, ambazo zikisomwa kwa namna fulani hutoka "kuru fuku", heri inakuja. Na watoto wanaocheza Pokémon wamekwisha kumwona ndugu yao: Meowth, yule mwenye sarafu ya koban kwenye paji la uso.

Wanaotufikia Mbeya kupitia Kariakoo ni wa kiwandani, wengi kutoka China, ambako pia wanapendwa na huitwa zhaocai mao, paka anayeita mali. Mkono wao hauna uchawi wala mota kubwa. Ndani mna koili ya waya, na chini ya mkono, upande usioonekana, pamefungwa sumaku. Mkono unaning'inia kama bembea. Sumaku ikipita karibu na koili, umeme kidogo unaisukuma, nao unaendelea kucheza. Umeme huo hutoka kwenye betri, au kwenye kipande kidogo cha sola kilichowekwa kwenye kitako.

Nilimweleza mama haya kwa kifupi, nikamgeuza yule paka akaona kitako chake. Akaingia, akanunua chaja. Kijana wa dukani ndiye aliyebaki na swali: mwezi wa pili, mawingu yanapoufunika mlima Loleza siku nzima, mkono huwa unalegea mpaka unasimama. Tukamsogeza hadi dirishani.