Kikombe cha unga si robo kilo

Mdogo wangu wa Tabata alinipigia simu akiwa karibu kulia. Mapishi yalitaka vikombe 3 vya unga wa ngano, naye akapima robo tatu ya kilo. Keki ya kwanza ya oda ikatoka nzito, haikatiki. Mayai, siagi na mkaa vyote vilipotea bure, na najua si yeye peke yake.

Dhana: Kikombe kimoja ni gramu 250.

Hesabu hii imetoka kwenye maji. Mililita 250 za maji zina uzito wa karibu gramu 250, basi mtu huamini kila kinachoingia kwenye kikombe kile kitakuwa na uzito huohuo. Lakini unga umejaa hewa katikati ya chembe zake. Kikombe cha mapishi ya Kimarekani, mililita 240 hivi, kikijazwa unga mweupe wa ngano kwa kijiko na kusawazishwa kwa mgongo wa kisu, hubeba gramu 120 hadi 125. Kikijazwa sukari nyeupe, 200. Siagi, 227. Mdogo wangu alihitaji gramu 360 hivi, alitia 750! Kibaba na pishi za wazee wetu navyo vilipima ujazo: vibaba 4 ni pishi, iwe ya mchele au ya unga. Uzito ni jambo jingine kabisa.

Dhana: Kikombe chochote cha chai kinafaa.

Hapana. Hata vikombe rasmi vya kupimia havilingani: cha Australia ni mililita 250, cha Japani 200. Angalia mapishi yametoka wapi.

Dhana: Ukijazaje, ni kilekile.

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Ukichota kwa kukizamisha kikombe ndani ya unga, unaushindilia bila kujua, na kikombe kinaweza kufika gramu 150. Kwa vikombe 3 umeshaongeza gramu 90, na keki lazima iwe kavu. Kukigongagonga mezani nako kunaushusha unga, nafasi inabaki, unaongeza tena. Koroga unga kwanza, uutie kwa kijiko, usawazishe, basi.

Dhana: Kuchekecha ni kwa ajili ya wadudu tu.

Wadudu ni sababu nzuri, ila kuchekecha pia kunaingiza hewa, hivyo kikombe cha unga uliochekechwa ni chepesi zaidi. "Vikombe 2 vya unga uliochekechwa" maana yake chekecha kisha pima. "Vikombe 2 vya unga, uchekeche" maana yake pima kwanza. Ukipima kwa gramu, mpangilio huo hausumbui.

Dhana: Bila mizani huwezi kujua gramu.

Mizani ndogo ya jikoni ndiyo ningeinunua kabla ya mashine ya kuchanganyia. Lakini wakati unaisubiri, chukua pakiti ya unga ya kilo 1 ambayo haijafunguliwa, uimalize yote kwa kikombe chako huku ukihesabu, kisha gawanya 1,000 kwa idadi uliyopata. Mdogo wangu alitumia kikombe chake kikubwa cha chai, akapata vikombe 6 kamili: gramu 167 hivi kila kimoja. Kwa hiyo gramu 360 zake ni vikombe 2 na vijiko 3 hivi vya chakula. Ameviandika kwa kalamu ya wino kwenye mlango wa kabati.