Kapasita geugevu haina chanya wala hasi, lakini ina upande

"Funga vyovyote tu, haina chanya wala hasi." Jamani! Kweli haina. Ila kapasita geugevu, ile unayozungusha kutafuta stesheni redioni, ina mabamba yaliyosimama na mabamba yanayozunguka, na shafti unayoishika imeungana na haya yanayozunguka. Hayo ndiyo yaende graundi (waya wa pamoja wa saketi). Yaliyosimama yaende kwenye ile ncha ya koili isiyo ya graundi.

Ukigeuza, redio itaita vilevile, ndiyo maana uzushi huu haufi. Lakini mkono wako umeshaingia kwenye saketi. Chukua koili ya mikrohenri 600 kwa masafa ya kati: kushika kilohezi 531 unahitaji jumla ya pikofaradi 150 hivi, kushika 1602, kama 16.5 tu. Tuseme vidole vimeongeza pikofaradi 2. Kule chini unasogea kilohezi 3 na ushee, huwezi hata kusikia. Kule juu unaruka karibu kilohezi 90, yaani nafasi kumi za stesheni! Unaipata stesheni, unaachia nobu, imepotea. Halafu fundi anabadilisha transista. Transista ya watu imekosa nini?

Trima (kapasita ndogo za marekebisho, zinazozungushwa kwa bisibisi) nazo ni hivyohivyo: upande wa skrubu uende graundi, na bisibisi iwe ya plastiki.

Kapasita geugevu zile ndogo za plastiki zenye miguu mitatu, mguu wa kati kwa kawaida ndio wa pamoja. Pembeni, sehemu kubwa (takriban pikofaradi 140) ni ya antena, ndogo (takriban 60) ya osileta, saketi inayozalisha mawimbi ndani ya redio yenyewe. Lehemu kwa sekunde mbili tatu, basi, plastiki inayeyuka. Skrubu za kufungia zikizidi urefu zinaingia ndani na kugusa mabamba. Pima kwa multimita kwenye omu huku ukizungusha mwanzo hadi mwisho: isionyeshe mguso wowote.

Kanuni ya graundi ina msamaha mmoja, saketi za kulinganisha antena za umbo la T: pale kapasita zimekaa kwa mfululizo, hakuna upande wa graundi. Fremu ikae juu ya kihami, shafti ipate kiungio cha plastiki.

Tukirudi kwa zile za plastiki, kama miguu haina herufi A, G na O (antena, graundi, osileta), bila mita ya kapasita unabahatisha. Na hata ukifunga sawasawa, antena na osileta haziendi sambamba bendi nzima kama michoro ya vitabuni inavyodai. Zikilingana kwenye nukta tatu, shukuru.